Kopo Tupu na Mtamba wa Ndanai

Habari ilinikuta posta. Nilikuwa kwenye mstari wa kununua stempu, nikinung'unika kama kawaida yangu kwa sababu bwana mmoja alikuwa ametupita sote na kwenda moja kwa moja dirishani, na uso wake mweupe ndio uliokuwa tikiti yake. Karani mmoja wa kiwanda cha chai, mtu wa kwetu wa upande wa ziwani, akanigusa bega. "Ndugu," akasema, "yule mwalimu wako wa rupia ametuacha." Nikamwuliza mwalimu yupi. "Kwani wewe uko na walimu wangapi wa rupia? Yule wa mizani. Kichomi. Amekohoa siku nne, ya tano hakuamka. Wanamzika kesho huko kwao, upande wa Sigor." Stempu sikununua. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua, nikitafuta ndani yangu huzuni ambayo mtu aliyestaarabika anapaswa kuwa nayo, na kitu pekee nilichokipata kilikuwa hasira. Juma zima limepita na bado ninayo. Msomaji aliyezoea kupumzika na safu hii baada ya chakula cha Jumapili anisamehe, au aruke ukurasa.

Sipendi maneno ya mazishi yanayomwosha marehemu mpaka mkewe asimtambue. Mtu huyu hakuwa malaika. Alikuwa mkaidi, mchache wa kusifu, na alikuwa na ugonjwa wa kusahihisha hesabu za watu mahali pasipofaa. Kanisani, mzee wa kanisa akitangaza sadaka ya juma lililopita, yeye alinyoosha mkono kutoka benchi la nyuma na kusema, "Mzee, umeruka senti thelathini." Watu walicheka, lakini mzee hakucheka, na mara mbili senti thelathini zilipatikana. Mwalimu alikuwa Mkipsigis, mwembamba, mwenye koti moja la kaki lililobaki kutoka vita vya Wajerumani, ambavyo baba yake aliviendea kama mpagazi. Hakuwa rafiki yangu hasa. Alinizidi miaka kama kumi na miwili, na mimi nilikuwa kijana wa reli, niliyezaliwa Kedowa ambako baba yangu alikuwa mtu wa stesheni, halafu nikapelekwa chuo kikuu kule kusini mwa bara hili na kurudi nikidhani nimemaliza kujua. Tulionana labda mara tisa. Katika mara hizo tisa alinifundisha mambo mengi kuliko nilivyofundishwa na mabwana walionipa shahada.

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye yale mafunzo ya walimu. Nzige walikuwa wamepita na kutuachia miti bila majani, bei ya mahindi ilikuwa imeanguka, mashamba ya chai yalikuwa yamepunguza mshahara, na kodi ya kibanda ilikuwa imekaa palepale kama jiwe. Hapo ndipo wakubwa walipogundua kwamba shida ya Mwafrika ni kutojua kuweka akiba. Basi walimu wa shule za vijijini wakaitwa kwa majuma mawili wafundishwe namna ya kufundisha watoto darasani matumizi mema ya fedha. Mimi nilikuwa likizoni kutoka chuoni, nikapewa kazi ya kutafsiri maneno ya mkufunzi kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kwa sababu walimu walitoka makabila mbalimbali na Kiingereza chao kilikuwa cha kuokoteza. Mkufunzi alikuwa Mzungu mpole, mwenye sauti nzuri na viatu visivyojua matope. Alibandika ukutani karatasi kubwa yenye picha ya shilingi iliyokatwa vipande kama mkate: kipande cha kodi, cha kanisa, cha sabuni na nguo, na kipande chembamba cha akiba. Chini yake aliniagiza niandike kwa wino mwekundu, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Alifurahi sana kujua kwamba sisi wenyewe tuna methali hiyo. Kisha akampa kila mwalimu kopo la bati lenye mwanya juu. Watoto walete senti, senti ziingie kopo, kopo lifunguliwe na inspekta wa shule akija ukaguzi, fedha ziende posta. Walimu wakaandika kila neno. Waliandika hata alipokohoa.

Siku ya tatu mwalimu huyu alisimama. Mfukoni alitoa kitu akakiweka juu ya meza ya mkufunzi: rupia moja ya fedha, yenye kichwa cha mfalme, iliyotobolewa tundu la uzi. Akasema kwa Kiswahili, polepole, ili nisipotewe na neno, "Baba yangu alibeba mizigo ya vita akalipwa hizi. Hakunywa, hakucheza kamari. Aliziweka ndani ya chungu, akachimba chini ya mlango, kama Bwana anavyotufundisha leo. Tulikaa mbali. Habari kwamba rupia imekufa na shilingi imechukua mahali pake ilitufikia wakati tarehe ya kubadilisha imekwisha pita. Akaenda nazo dukani, mwenye duka akacheka. Akaenda nazo ofisini, askari akamfukuza. Sasa dada zangu wanazivaa shingoni. Ninaomba kujua: mtoto wa darasani akiniuliza ni nani aliyekosea, baba yangu aliyeweka, au yule aliyeiua fedha, nimjibu nini?"

Macho yote yakaja kwangu. Ninaandika jambo hili kwa mara ya kwanza, na sitaki kusifiwa kwa kuliandika, maana nimechelewa mno. Nilikuwa na ada ya chuo ya kutafuta, na kazi ile ya kutafsiri nilipewa na watu walewale ambao swali lilikuwa linawagusa. Nikageuka kwa mkufunzi nikasema kwa Kiingereza safi, "Anauliza kama rupia za zamani bado zinaweza kubadilishwa." Mkufunzi akatabasamu kwa huruma. Akasema, mwambie pole, haiwezekani tena, na ndiyo maana ni vizuri watu wazoee kusoma magazeti. Nikamwambia. Walimu wakaandika: watu wazoee kusoma magazeti. Yeye hakuandika. Alichukua rupia yake akairudisha mfukoni, na wakati wa chai alinifuata nyuma ya jengo nilikojificha na kikombe changu.

"Wewe kijana wa Kedowa," akasema, "mimi Kiingereza nasikia kidogo."

Nikaanza kueleza kwamba swali lile lingeitwa siasa, kwamba angepata matatizo.

"Matatizo ni yangu, swali ni langu. Nimekupa ng'ombe unipelekee kwa Bwana, wewe umepeleka mbuzi. Na mbuzi mwenyewe amekonda." Akacheka, akanywa chai yangu iliyobaki, akarudi darasani. Hakusema tena juu ya jambo hilo, na hilo lilinichoma zaidi.

Mwisho wa mwaka nilikwenda kumtembelea shuleni kwake, nadhani kwa kutaka kusamehewa bila kuomba. Shule ilikuwa nyumba ya udongo yenye madirisha bila vioo, karibu na Sigor. Kopo la bati lilikuwa rafuni. Nilipolitikisa halikulia. Alinitazama nikilitikisa, akaniambia nikae nyuma na watoto. Akaandika ubaoni: mtamba mmoja, watoto ishirini na mmoja. Mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Nikaelewa taratibu kwamba mtamba yule hakuwa wa ubaoni. Senti za watoto zilipojaa kopo, mwalimu alikuwa ameita wazazi, akazihesabu mbele yao, wakanunua mtamba, na kwa sababu upande ule wa Chepalungu una ndorobo, wale inzi wanaoua ng'ombe, wakampeleka kwa mzee mmoja wa Ndanai ambako majani ni mazuri. Huu si ubunifu wa mwalimu. Wakipsigis wana desturi wanayoiita kimanagan, na yeyote aliyeishi kwao ameisikia: mtu mwenye busara hawaweki ng'ombe wake wote katika boma moja. Huwagawa kwa rafiki walio mbali. Rafiki hukamua maziwa, mwenyewe hubaki na ng'ombe na uzao wake. Ugonjwa ukipiga kilima hiki, kilima kile kimebaki. Wavamizi wakija hapa, watakuta nusu tu. Na jambo hilo halitangazwi. Ng'ombe wa rafiki hutunzwa kwa mdomo uliofungwa, kwani anayejua ng'ombe wako wako wapi ndiye anayeweza kuja kuwachukua.

"Ndama wa kwanza atakuwa wa nani?" mwalimu akauliza darasa. Wavulana wakapiga kelele, kila mmoja akitaja jina lake. Mmoja akasema wa mtoto wa chifu, wenzake wakamzomea. Msichana mmoja, kati ya wanne tu waliokuwamo, akasimama. "Si wa mtu," akasema. "Akikua auzwe, tununue wawili wadogo, tuwapeleke nyumba mbili." Mvulana wa mbele akamgeukia: "Wewe msichana, ng'ombe utakuwa nao wapi?" Mwalimu akamwita mvulana ubaoni akamwambia, "Njoo uandike senti alizoleta dada yako huyu, halafu uandike za kwako." Mvulana akaandika. Zake zilikuwa chache. Akarudi kukaa bila mtu kumwambia.

Mimi ni mtu wa kutilia shaka kila kitu, na baada ya shule nilimtilia shaka yeye pia. Nikamwambia ng'ombe anaugua, ng'ombe anakufa. Akanijibu bila kuinua kichwa kutoka madaftari yake, "Rupia haikuugua, ikafa." Nikamwambia mzee anaweza kumla mtamba na kusema ameliwa na chui. "Anaweza. Na karani wa posta je?" Nikamwambia agizo lilikuwa kopo na posta, na kwamba inspekta hatapenda. Hapo aliinua kichwa. "Nilifundishwa nifundishe watoto kuweka mali," akasema. "Nimewafundisha. Kama kuna somo lingine lililofichwa ndani ya hilo, waliseme." Nilimwona mjinga jasiri. Nilirudi chuoni nikawasimulia wenzangu kama kichekesho: mwalimu wa msituni aliyegeuza benki kuwa zizi. Tulicheka sana, sisi wasomi. Hakuna mmoja wetu aliyekuwa na mtamba, wala kitabu cha posta.

Inspekta alikuja mwaka uliofuata. Haya niliyasikia kutoka kwa mwalimu mwenyewe, baadaye, akiwa amesimama kwenye mizani ya majani mabichi katika shamba moja la chai, maana wakati huo hakuwa mwalimu tena. Inspekta aliomba kopo, akalikuta tupu. "Fedha za watoto ziko wapi?" Mwalimu akajibu, "Ziko Ndanai, Bwana, zinakula majani." Aliniambia hakukusudia mzaha. Inspekta hakucheka. Akachukua askari kanga wawili, wale askari wa utawala, wakaenda na mwalimu mpaka Ndanai kwa yule mzee ili wamwone huyo ng'ombe kwa macho, na kama yupo, mambo yangeishia karipio tu.

Sasa hapa, msomaji wangu, simamisha hasira yako kidogo umtazame yule mzee. Yuko bomani kwake. Anaona rafiki yake anakuja katikati ya askari wawili na Mzungu mwenye kitabu cha kuandikia. Kila mara watu wa namna hiyo walipokuja kuhesabu ng'ombe kilimani pale, hesabu ya kesho yake ilikuwa ndogo kuliko ya jana. Inspekta anamwuliza kupitia askari kama ana ng'ombe wa shule.

"Shule ina ng'ombe?" mzee akasema. "Tangu lini shule ikakamua?"

"Mwalimu huyu alikuletea mtamba?"

"Huyu?" Mzee akamtazama rafiki yake toka kichwa hadi miguu, kama anayemtazama mpita njia. "Huyu namwona leo. Ng'ombe wote walio hapa ni wangu."

Mtamba alikuwa hatua kumi kutoka pale, sikio lake limekatwa alama ambayo mwalimu mwenyewe aliikata. Alikuwa na mimba. Mzee yule hakuwa mwizi. Alifanya kile ambacho rafiki mwaminifu hufanya: alimficha ng'ombe wa mwenzake mbele ya mgeni mwenye askari, na kwa uaminifu huohuo akamfunga mwenzake kamba shingoni. Mwalimu alielewa papo hapo. Inspekta akamwuliza mara tatu kama ana la kusema, naye mara tatu akasema hana.

"Kwa nini?" nilimpigia kelele pale kwenye mizani, hata wachumaji wakageuka. "Ungemwonyesha kwa kidole tu! Alama ya sikio ilikuwapo!"

"Punguza sauti, kijana wa Kedowa, unatingisha mizani." Akaandika uzito wa kikapu, akamwonyesha mchumaji tarakimu, akamwambia aisome mwenyewe kwa sauti kabla ya kuondoka. Hivyo ndivyo alivyofanya kwa kila mmoja, na manyapara hawakumpenda kwa hilo. "Ningemwonyesha, mzee wangu angekuwa mwongo mbele ya askari, wangemfunga. Na mtamba angekuwa ushahidi. Ushahidi wa ng'ombe unajua mwisho wake? Huliwa. Watoto wangepata pembe."

Wakamwandika mwizi wa fedha za watoto. Cheti chake kikachukuliwa. Akapewa mwezi mmoja arudishe kila senti, la sivyo jela. Akauza baiskeli, aliyoipenda kuliko koti lake. Akauza mabati aliyokuwa ameyakusanya miaka mitatu ili mkewe atoke kwenye nyumba inayovuja. Akalijaza kopo kwa fedha yake mwenyewe. Inspekta akalipeleka posta, akafungua kitabu cha akiba cha shule, na mwenye kutia sahihi akajiandika yeye, kwa jina lake. Kisha akaenda zake, na miaka michache baadaye akarudi kwao Ulaya akiwa ameacha nyuma yake taarifa nzuri ya utaratibu wa makopo. Mwalimu akabaki na jina la mwizi. Alilibeba kijijini, kanisani, sokoni. Akinyoosha mkono sasa kusahihisha sadaka, watu walicheka kicheko kingine. Ng'ombe hakuthubutu kuwarudisha, maana wangeonekana, na wakubwa wangesema ameiba mara mbili. Kila mwaka alimpelekea mzee wa Ndanai tumbaku, na mzee alimrudishia habari kwa mdomo: amezaa, amezaa tena, mmoja amekufa, wawili wapo kwa shemeji yangu.

Siku ya mazishi nilifika nimeloa, nikasimama mbali pamoja na watu wa mizani. Mhubiri alisema machache, akikwepa. Kila mtu alijua alichokuwa anakikwepa. Tulipokuwa tunatupa udongo, watoto wakaanza kuita kutoka njiani, na tukaona mzee anakuja na fimbo, mbele yake ng'ombe watano na ndama. Alikuwa ametembea kutoka Ndanai tangu alipopata habari, na mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa. Desturi ileile inayofunga mdomo hudai kwamba mwenye ng'ombe akifa, aliyewekewa ajitokeze mwenyewe bila kuitwa. Mzee alisimama kando ya kaburi, akazungumza Kikipsigis, na nilisikia kiasi cha kutosha. "Yule Bwana aliniuliza nikasema sina. Kwa mgeni sina. Kwa wenyewe ninao. Hawa ni wa watoto wa shule ya rafiki yangu. Huyu mwenye sikio lililokatwa ndiye mama yao. Sikumla hata mkia."

Kilio kilichotoka pale sijawahi kukisikia kwenye mazishi. Mhubiri alikaa chini. Mke wa marehemu, ambaye miaka hiyo yote aliitwa mke wa mwizi kisimani, hakulia. Aliwatazama watu mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakainamisha vichwa. Kisha akamwita yule msichana wa darasani, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, akamwambia, "Wewe ulikuwa unajua kugawanya. Gawanya." Mvulana wa mbele, ambaye sasa ana ndevu, hakuuliza msichana atakuwa na ng'ombe wapi. Wakakubaliana wauze wawili, wagawane fedha kwa hesabu ya senti zilizoandikwa katika daftari la mwalimu, ambalo mkewe alikuwa amelihifadhi, na waliobaki warudi Ndanai kwa mzee.

Laiti ningeishia hapo. Lakini mjane aliniuliza jambo ambalo mimi, na shahada yangu, sikuwa nimelifikiria. "Watoto wamepata chao," akasema. "Basi ile fedha ya baiskeli na mabati, iliyoko posta, si ni ya mume wangu?" Ni yake. Hata mtoto wa darasa la pili angeona. Mwalimu wa sasa wa shule ile akatukabidhi kitabu cha akiba, kilichokuwa sandukuni kimefungwa vizuri kwa uzi, na Jumatano tukasimama, mjane na mimi, kwenye mstari uleule nilioutoka. Karani wa dirishani alikuwa mtu mwema. Alikigeuza kitabu kwa uangalifu. "Mama, fedha ipo," akasema. "Hata imeongezeka kidogo. Sahihi tu." Sahihi ya nani? Ya bwana inspekta. Bwana inspekta yuko Ulaya. "Basi aandikiwe." Aandikiwe wapi? Karani akainua mabega. "Hapa imeandikwa jina tu." Mjane aliuliza, "Na akifa huko?" Karani akaomba radhi, akamwita aliye nyuma yetu.

Nilisoma ile methali nyekundu kichwani tena na tena njiani kurudi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hii ina daftari. Ina mhuri, ina uzi, ina hesabu sahihi mpaka senti ya mwisho. Imepotea, na habari zote tunazo. Na ile isiyokuwa na daftari la serikali, iliyotunzwa na mzee asiyejua kusoma, ilikuja kwa miguu yake mwenyewe mpaka kaburini. Sisemi ng'ombe ni bora kuliko posta. Tauni ya mifugo ingeweza kupita Ndanai, na leo ningekuwa ninaandika safu nyingine. Wala sisemi desturi haina kosa, maana ndiyo iliyomnyima mtu mwema jina lake, na isingempa yule msichana chochote kama mwalimu asingemlazimisha mvulana kuandika ubaoni. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekuja kutufundisha akiba hakuuliza hata mara moja kama tunayo namna yetu ya kuweka. Alidhani amekuta chungu kitupu. Na sisi tuliosoma tulisimama kando yake tukimtafsiria dhana hiyo kwa Kiswahili kizuri, na kwa ujira.

Kwa maana hasira yangu kubwa, nimekwisha igundua juma hili, si juu ya inspekta. Watu kama yeye wako wengi na wote wamekwisha rudi kwao au watarudi. Ni juu ya chumba kile kilichojaa walimu walioandika "watu wazoee kusoma magazeti," na juu ya kijana aliyewapa maneno hayo ya kuandika. Kama swali lingefika lilivyo siku ile, huenda mkufunzi angejibu vibaya. Huenda angekasirika. Lakini walimu arobaini wangelisikia likiulizwa mbele ya mwenye madaraka, na pengine mmoja wao, siku ya kufungua kitabu cha posta, angethubutu kusema: Bwana, andika na jina la mzazi hapa. Jina moja tu la pili, na leo mjane angekuwa na mabati yake.

Nimepata barua. Likizo ijayo ya shule mafunzo yale yatafanyika tena, kwa walimu wapya, karatasi mpya ukutani na makopo mapya, nami naombwa nitafsiri. Nilitaka kuichana. Sasa nimejibu kwamba nitakwenda. Kwa walimu mtakaoitwa, ninyi mnaosoma safu hii huko Sigor na Ndanai na Kedowa, neno langu ni fupi: anayewaagiza muwafundishe watoto kuweka, mwulizeni kwanza siku ya kutoa itakuwaje, na ni mkono wa nani utakaofungua. Mwalimu asiyeruhusiwa kuuliza hivyo asifundishe somo hilo. Atakuwa anakusanya tu. Simameni mmwulize. Mjane amenipa ile rupia yenye tundu niiweke mezani kwa mkufunzi kama ilivyowekwa mara ya kwanza, na mimi nitakuwa nimesimama pale kati yenu na yeye. Safari hii nitapeleka ng'ombe.